Jinsi ya kupiga komedi fupi ya kimya hapa Dodoma, kwa njia za Buster Keaton

Ukitaka kurekodi vichekesho nje hapa Dodoma kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10, adui yako wa kwanza sio mtaji, ni upepo. Unaweka maiki, unaivalisha kile kisponji chake, muigizaji anasema mstari wake vizuri kabisa, mnapiga makofi, ukija kusikiliza nyumbani ni fuuuu mwanzo mwisho na mstari wenyewe haupo. Wengine wanakodi maiki za gharama, wengine wanakata tamaa wanahamia sebuleni, ndo maana klipu nyingi za huku unakuta kochi lile lile na pazia lile lile. Mi nasema achana na sauti kabisa. Piga filamu ya kimya, weka muziki juu, basi.

Na sio kitu cha ajabu maana sinema yenyewe ilianza hivyo. Kuna Mmarekani mmoja ambaye kwangu ndiye mwalimu bora kwa mtu mwenye simu, marafiki watatu na hela kidogo, anaitwa Buster Keaton. Jina lake la kuzaliwa Joseph Frank Keaton, kazaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 Piqua, jimbo la Kansas, wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani wanaozunguka mji kwa mji. Alikuwa anaigiza na kuongoza, anabuni vichekesho, anaamua kamera ikae wapi, anaanguka mwenyewe, na usoni hacheki hata kidogo. Wengi tunamjua Chaplin, sawa, Chaplin ni mfalme, lakini Chaplin anakuchekesha halafu anakuliza ukasahau kuangalia amefanyaje. Keaton ukimwangalia mara ya pili unaona kabisa kichekesho kimejengwaje, nani kasimama wapi, kamera imeficha nini. Filamu zake za miaka ya 1920 nyingi hakimiliki yake Marekani imeshaisha muda, ziko YouTube bure, tenga bando la usiku uzishushe. Kabla hujapiga chochote angalia angalau tatu fupi, na uziangalie mara mbilimbili.

Uso

Keaton aliingizwa jukwaani akiwa mdogo sana, onyesho la familia lilikuwa baba anamrusharusha mtoto huku na huku, hadi wakamshonea mpini wa begi kwenye nguo mgongoni ili baba apate pa kushikia. (Leo ustawi wa jamii wangekuja kumchukua siku hiyo hiyo, na hata kule kwao waliandamwa na watu wa kulinda watoto.) Huko ndiko alipojifunza vitu viwili, kuanguka bila kuumia, na kwamba akiinuka akicheka watu hawacheki, akiinuka kakaza uso watu wanakufa mbavu. Kitu hicho cha pili kikawa maisha yake yote.

Sisi tumezoea vichekesho vya mdomo na sio vibaya, marehemu King Majuto, yaani mzee wetu Amri Athumani wa Tanga, alikuwa akifungua mdomo tu ushaanza kucheka. Ila fanya zoezi hili, chukua klipu ya mchekeshaji yeyote unayempenda, zima sauti, angalia. Majuto ukimzimia sauti bado unacheka, mwili wake unaongea. Wengi wa sasa ukizima sauti unabaki na mtu anatikisa vidole mbele ya kamera. Sasa na wewe jirekodi ukifanya kitu cha kawaida, mfano unahangaika kufungua kufuli lililoshika kutu, mara ya kwanza ukiweka sura za kuchekesha, kutoa macho, kuvuta midomo, mara ya pili ukiwa siriasi kabisa kama kufuli ndiyo kazi uliyoajiriwa. Waonyeshe watu wa nyumbani zote mbili usiseme neno. Siriasi itashinda.

Ukishakubali hilo mwambie kila muigizaji wako: hakuna kucheka, hakuna kuangalia kamera, hakuna kukonyeza. Hapa ndipo vijana wengi wanashindwa na inabidi uwe mkali, rafiki yako akicheka unarudia, akicheka tena unambadilisha, mpe kazi ya kushika kamera.

Hadithi: tafuta kazi, sio jouki

Watu wanaanza kwa kutafuta jouki. Keaton alikuwa anaanza na mtu mwenye kazi ya kufanya na kifaa cha kufanyia. Filamu yake fupi iliyotoka 1920, ya kwanza kutolewa alipopata studio yake, ni maharusi wamepewa nyumba ya kuunganisha wenyewe, imekuja kwenye maboksi yenye namba, adui yao akabadilisha namba, basi mwanaume anajenga kwa kufuata maelekezo kwa uaminifu wote na nyumba inatoka ya ajabu. Umeona? Hajafanya ujinga wowote. Kafuata maelekezo. Kichekesho kiko kwenye bidii yake.

Sasa niambie kuna mji gani Tanzania hii unaofaa hadithi ya kujenga kuliko Dodoma. Toka serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 kila upande ni tofali, kokoto, mchanga na mtu ameshika ramani, ukienda Mtumba, Ihumwa, Nala, Nkuhungu, hadithi zimelala chini zinakusubiri. Kwahiyo nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili usipotee. Mtumishi kahamishwa kutoka Dar, kanunua kiwanja, leo ndo anakuja kuchimba msingi.

Keaton na timu yake hawakuwa wanaandika skripti. Walikuwa wanatafuta mwanzo na mwisho, alisema mwenyewe ukishapata hivyo katikati patajipanga. Fuata hivyo hivyo. Mwanzo wetu: jamaa anashuka kwenye bodaboda katikati ya pori, suti, tai, viatu vinang'aa, mkononi ramani ya kiwanja. Mwisho: msingi umechimbwa safi, umenyooka, ananyoosha mgongo kwa fahari, kamera inarudi nyuma tunaona uko kwenye kiwanja cha mtu mwingine na mwenyewe kakaa kwenye kiti pembeni anakunywa chai, kamwangalia siku nzima.

Katikati. Anatafuta bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, anaona moja ina mbuzi kafungwa pembeni yake, na kwa kuwa bikoni imejaa majani na haionekani kwa mbali, anachora kwenye ramani yake mbuzi, "kona ni pale kwa mbuzi". Anavuta kamba kuelekea kwa mbuzi, anainama kupigilia kigingi, mbuzi anasogea. Anainuka, anaangalia, anarekebisha kamba. Anainama, mbuzi anasogea. Hajashangaa, hajamfukuza mbuzi, anaamini vipimo. Mtaro unaanza kupinda. Anakuja mtoto anamfungua mbuzi anampeleka malishoni na jamaa anaondoka na kamba anamfuata. Kamba ikifika kiwanja cha jirani ndipo mbuzi anafungwa tena, na mwisho wetu umejileta wenyewe. Dakika nne zimeisha hapo, na mtu wa Kondoa au wa Kigoma ataelewa bila kuambiwa kitu.

Angalia kwamba kila kitu humo kina sababu. Mbuzi anasogea kwa sababu mbuzi wanasogea. Ukiweka mbuzi akavaa miwani ya jua umeharibu.

Maandishi ya kwenye skrini weka machache sana. Keaton alisimulia kwamba filamu za wenzake zilikuwa na vibao vya maneno kama 240, yeye nyingi kabisa aliyowahi kutumia ni 56, na hiyo ni filamu ndefu. Kwa dakika nne, vibao viwili au vitatu. Kwenye mfano wetu kimoja tu kinatosha, "KONA = MBUZI", na hicho kiko kwenye ramani yake mwenyewe.

Kamera

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Keaton alijifunza kamera kwa kuifungua. Mwaka 1917 alipoingia kwenye filamu mara ya kwanza, New York, chini ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle, kitu cha kwanza kilichomvutia kilikuwa ni hiyo mashine, aliazima moja akaenda nayo chumbani akaichambua vipande vipande kisha akairudisha. Wewe simu usiifungue tafadhali, ila zijue setingi zake zote: kufunga fokasi na mwanga (bonyeza skrini usiachie mpaka ikwambie imefunga), fremu kwa sekunde, lenzi pana na ya kawaida. Usizoom kwa vidole. Ukitaka kuwa karibu, tembea.

Sheria ya kwanza, mwili wote uonekane, kuanzia kofia mpaka viatu, na nafasi pembeni. Komedi ya mwili ukiikata kiunoni umeikata yote. Sheria ya pili, tukio la hatari au la ustadi usilikate katikati. Keaton alikuwa anang'ang'ania hili, akianguka anaanguka ndani ya picha moja, kwa mbali, kwa sababu ukikata mtazamaji anajua umemdanganya. Ukiona klipu mtu anaruka, kata, yuko chini kashika mgongo, hucheki, unajua karuka godoro.

Mfano mkubwa wa hili ni lile tukio lake la 1928 ambalo hata wasiomjua wameliona: kasimama mbele ya nyumba, upepo unavuma, ukuta wote wa mbele unaanguka juu yake, yeye anapita kwenye dirisha la juu lililokuwa wazi, anabaki kasimama. Ukuta wa kweli, unatajwa kuwa na uzito wa kama tani 2, nafasi kati yake na fremu ya dirisha ni inchi chache tu, alama ya pa kusimama ilipimwa chini. USIRUDIE, nasema kwa herufi kubwa. Chukua kanuni tu: alama chini. Kila muigizaji wako awe na alama, jiwe dogo, kijiti, chochote ambacho kamera haikioni. Kichekesho cha mwili ni vipimo, hatua moja pembeni hakipo tena.

Sheria ya tatu, kamera inaruhusiwa kuficha. Kwenye ile filamu ya nyumba, mwishoni nyumba imekwama juu ya reli, treni inakuja, mume na mke wanafumba macho, treni inapita... reli ya pembeni. Wanapumua, na wewe unapumua, na hapo hapo treni nyingine inatokea upande wa pili inaisaga nyumba. Ile ya pili haikuwepo kwenye fremu kwahiyo kwenye kichwa chako haikuwepo duniani. Unaweza kufanya hili kwa bajaji na meza ya mama ntilie ya maboksi, huhitaji treni. Na reli usiguse. SGR, ile treni ya umeme, abiria walianza kufika nayo Dodoma Julai 2024, njia imezungushiwa uzio na ina umeme juu, na ile reli ya zamani nayo bado inatumika, kupiga picha kwenye reli bila ruhusa ni kosa na ni kifo.

Kuna na mchezo mmoja mtamu ambao simu inauweza kuliko studio yao. Mwaka 1921 Keaton alitengeneza filamu ambayo yeye peke yake ndiye bendi nzima, ndiye wacheza ngoma, ndiye watazamaji, kuna mahali wanaonekana Keaton 9 kwenye mstari mmoja. Walitengeneza boksi mbele ya lenzi lenye vipande vya kufungua kimoja kimoja, wanapiga Keaton wa kwanza, wanarudisha filamu nyuma, wanafungua kipande cha pili, wanapiga tena, na kamera ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono kwahiyo mpiga picha wake Elgin Lessley ilibidi azungushe kwa kasi ile ile kila mara. Wewe: simu kwenye stendi, funga fokasi na mwanga, isiguswe tena. Jirekodi ukiwa kushoto, badilisha nguo, jirekodi ukiwa kulia, usivuke mstari wa katikati. Kwenye CapCut, app ya kuediti video, weka klipu moja juu ya nyingine, tumia maski kukata nusu. Mambo mawili yatakuangusha huku kwetu: kivuli, maana ukichelewa dakika 20 jua limehama na kivuli cha kushoto hakifanani na cha kulia, na upepo, ukipitisha mstari wa maski kwenye mti matawi yatakatika katika. Pitisha mstari kwenye ukuta au nguzo.

Kasi: zile kamera za mkono walikuwa wanaweza kuzungusha taratibu ili picha ikionyeshwa iende haraka. Kwenye kuediti ongeza kidogo tu pale pa kukimbizana, 1.1 au 1.2, ukifika 1.5 inakuwa katuni.

Jua, vumbi, upepo tena

Piga kuanzia saa 1 mpaka saa 4 asubuhi, halafu pumzika, halafu saa 10 mpaka jua linazama. Mchana jua la Dodoma linakaa juu kabisa, macho yanakuwa mashimo meusi na kofia inaficha uso wote. Vumbi likiingia kwenye lenzi usifute na shati, tumia kitambaa laini, na simu ikae kwenye mfuko wa nailoni mpaka dakika ya kupiga.

Upepo wenyewe sasa geuza awe muigizaji. Kwenye ile filamu ya 1928 walitumia mafeni makubwa yenye injini za ndege kutengeneza kimbunga, pesa nyingi zilikwenda pale. Wewe unapewa bure na Mungu kila siku mchana. Mwanaume wa suti anakunjua ramani, ramani inamfunika uso, anaigeuza, inamfunika tena, anatembea kurudi nyuma ili upepo uwe mgongoni na hivyo anaipita bikoni bila kuiona. Umeshaona? Huhitaji kuandika kitu, nenda tu na karatasi kubwa uwanja wa wazi.

Lokesheni nyingine ambazo naona watu hawazitumii: makorongo ya mchanga kipindi cha kiangazi, laini kwa kuangukia (mvua zikianza mwezi wa 12 toka humo haraka, maji yanakuja bila hodi), mawe makubwa ya vilimani ambayo ukimsimamisha mtu juu anaonekana mdogo na mpweke, mibuyu, mashamba ya zabibu ya Hombolo ambapo nguzo na nyaya zimepangwa mistari mirefu iliyonyooka, mtu akikimbia humo anaonekana na kupotea, anaonekana na kupotea.

Na chakula! Mlenda. Mtu wa Dar, tai shingoni, kaletewa ugali wa uwele na mlenda, kanyanyua tonge na uzi haukatiki, ananyanyua mkono juu zaidi, anasimama, anapanda kwenye kiti. Siku nyingine nitapiga hiyo mwenyewe mkinichelewesha. Ila kuwa makini hapa, anayechekwa awe yeye na tai yake, sio chakula cha watu wala Mgogo aliyempikia. Bibi anayemwangalia ndo mwenye akili kwenye picha.

Nguo

Muigizaji mkuu awe na umbo moja linalotambulika ukimuona kivuli tu. Keaton alikuwa na kofia bapa, alikuwa anazitengeneza mwenyewe kwa kukata kofia za kawaida na kuzikausha na maji ya sukari zikakakamaa. Inafanya kazi mpaka leo, nunua kofia ya mtumba mnada wa Msalato, chovya, kausha juani juu ya sufuria. Sisimizi na nyuki watakutembelea, hilo ulijue. Nguo ziwe mbili zinazofanana, moja itachanika.

Kuanguka

Keaton alijua kuanguka toka utotoni na bado mwaka 1924 maji ya tanki la treni yalimpiga akaangukia reli, kichwa kikamuuma siku kadhaa akaendelea na kazi, miaka mingi baadaye daktari anaangalia eksirei anamwambia shingo iliwahi kuvunjika. Kwahiyo wewe usijidai. Anza mchangani, kidevu kifuani, viringika na bega, usitegemee mkono ulionyooka maana kiwiko au kifundo kinaondoka. Zoezi la taratibu kwanza, wiki nzima ukiweza, ndo upige. Hakuna kuanguka kutoka kwenye paa, gari linalotembea wala bodaboda. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema "simama" na akisema kila mtu anasimama, hata muongozaji.

Ruhusa

Fupi fupi: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali cha kupiga filamu na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa kwa umma, wahusika ni Bodi ya Filamu. Kwa mtu wa kuanza pa kuulizia ni kwa afisa utamaduni wa jiji au wa wilaya yako, nenda na karatasi moja inayoeleza hadithi na maeneo. Halafu mwenyekiti wa mtaa. Halafu mwenye eneo, na hapa sio barua, hapa ni "shikamoo mzee", ukiweza salamu ya Kigogo "mbukwenyi" kabisa, kaa kwenye kigoda, eleza mbuzi ni wa kuigiza tu atarudi salama. Majengo ya serikali, bunge, kambi, stesheni, usielekeze kamera bila kibali cha maandishi, hata kama yako nyuma kwa mbali.

Onyesha, halafu kata

Keaton alikuwa anaonyesha filamu kwa watu wa kawaida kabla haijatoka, kisha anarudi kukata na kupiga upya. Kuna filamu yake ya 1924 ya melini, alipiga kipande chini ya maji, yeye kavaa vazi la mzamiaji anaongoza samaki kama trafiki, kilimgharimu sana na alikipenda sana. Watu hawakucheka. Kwa sababu wakati huo mpenzi wake kwenye hadithi yuko hatarini na yeye anacheza na samaki. Akakitoa chote.

Wewe nenda kibanda umiza kabla ya mechi, muombe mwenye kibanda dakika tano, kaa mbele pembeni uangalie sura za watu, skrini usiiangalie kabisa. Andika wamecheka wapi na walitoa simu wapi. Marafiki zako usiwaulize, watakwambia kali. Walipotoa simu pakate, hata kama ndo pale mbuzi alifanya kile kitu ambacho mlirudia mara 30 mpaka jua likazama.

Karatasi

Hii watu wanairuka na ndiyo iliyommaliza Keaton. Kampuni ilikuwa na jina lake ila haikuwa yake. Mwaka 1926 alitengeneza filamu kubwa ya treni, treni ya kweli ikatumbukia mtoni kwenye daraja linaloungua, ikapigwa mara moja tu, leo inahesabiwa kati ya filamu bora kabisa za kimya ila wakati ule haikuingiza pesa. Mwaka 1928 akakubali kuhamia MGM, studio kubwa ya Hollywood. Chaplin na mchekeshaji mwenzao Harold Lloyd walimwambia usiende, kwa simulizi yake mwenyewe. Akaenda. Mshahara dola 3,000 kwa wiki, mzuri tu, ila timu yake ikasambaratishwa, skripti anapewa, kamera sio yake tena. Ndoa ikavunjika 1932, pombe ikamzidi, 1933 wakamfukuza. Alipokuja kurudi hapo hapo 1937 alikuwa mtu wa kuwabunia wenzake vichekesho, dola 100 kwa wiki.

Na huku kwetu msiseme ni mambo ya Hollywood. Mwaka 2018 Majuto akiwa anaumwa, suala la mikataba ya wasanii lilifika wizarani mpaka waziri wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Mzee akafariki tarehe 8 Agosti 2018 Muhimbili.

Kwahiyo hata mkiwa washkaji wanne, andikeni karatasi moja: klipu ghafi ni za nani, channel ni ya nani na paswedi anayo nani, tangazo likija linagawanywaje, mtu akijitoa anaondoka na nini. Kila mtu asaini, mpige picha karatasi. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kampuni ikija na mkataba wa tangazo usisaini siku hiyo hiyo hata kama wamekuja na soda na chipsi kuku, peleka kwa mtu anayejua sheria, Dodoma hii wanasheria wamejaa, hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho UDOM atakuonyesha kipengele kinachosema picha yako ni yao milele. Muziki nao, usichukue wimbo wa mtu, mtafute kijana anayepiga zeze au marimba akupigie, mwandikie na yeye karatasi.

Kutunza

Filamu za Keaton nyingi zilikuwa zinakaribia kupotea kabisa, zile mikanda za zamani zinaoza na zinashika moto kirahisi. Miaka ya 1950 muigizaji James Mason, aliyekuwa amenunua nyumba ya zamani ya Keaton Beverly Hills, akakuta makopo ya filamu humo humo nyumbani yamesahauliwa, zikaokolewa. Keaton akaanza kujulikana upya, akapewa Oscar ya heshima mwaka 1960, akafariki 1 Februari 1966.

Wewe usitegemee mnunuzi wa nyumba yako awe mpenda sinema. Siku hiyo hiyo ya kupiga, kabla hujaoga vumbi, hamisha klipu zote kwenye kompyuta na kwenye flashi, na flashi ikalale nyumba nyingine, kwa shangazi Chang'ombe au popote. Usiitume kazi kamili kwa WhatsApp ukadhani umeitunza, kule inabanwa na ubora unashuka, ukilazimika itume kama dokumenti. Usifute klipu ghafi mpaka filamu iwe imekaa hewani miezi kadhaa. Na flashi iandike jina kwa maka peni, uifunge na uzi mwekundu, umwambie shangazi kabisa kwamba hii sio ya kuazimisha watu wa kuweka miziki ya harusi.